Meza ya Watu Wanane

Kefa alipoishusha ile meza kutoka kwenye mkokoteni mbele ya nyumba ya kina Jumwa, pale Mjambere, Jumwa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii ndiyo meza uliyonipigia simu kunisifia? Kefa, hili ni boksi lenye miguu!"

Kefa naye akacheka, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa ameinunua dukani Bamburi, ile ya bei ya chini kuliko zote. Ilikuwa ya maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi kisha yakabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Miguu yake ya bati ilikuwa myembamba kama ya korongo. Ingetosha watu wanne, na hao wanne sharti wawe wanapendana sana.

"Cheka tu," alisema akijipangusa uso. "Hujaona nitakayoifanya."

Akatoa simu, akamwonyesha picha za meza za ng'ambo, za nyumba za mashambani. Zilikuwa meza nene za mbao zenye makovu na vifundo, rangi yake kama asali iliyoungua, na mabenchi marefu kila upande. Jumwa aliziangalia, kisha akamwangalia yeye. Alizoea kumtazama hivyo, kwa pembe ya jicho, ili asimwone anavyomtazama.

Barazani, Mzee Masha, babake Jumwa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono. Tangu apatwe na kiharusi, upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa na ulimi umekuwa mzito. Maneno yalimtoka kama ya mtu aliyejaza kiazi cha moto kinywani. Majirani walimjibu kwa kutikisa vichwa, kwa adabu, bila kuambulia kitu. Hata daktari alimwelewa nusunusu. Jumwa peke yake ndiye aliyemsikia neno kwa neno, kwa kuwa ndiye aliyemlisha, akamwogesha, na kulala mlango wazi ili amsikie akiita.

Mzee akaguna maneno mawili matatu.

"Asemaje?" Kefa akauliza.

"Asema usikohoe karibu nayo. Itaanguka."

Kefa akamwinamia mzee kwa heshima. "Mzee, nipe muda. Hii itakuwa meza ya watu wanane."

Meza ile ilikuwa na kazi maalumu. Mamake Kefa, Mama Roseline, angekuja kutoka Vihiga kumwona msichana ambaye mwanawe alikuwa haishi kumtaja. Kina Jumwa walikula mkekani tangu kuumbwa kwao. Mama Roseline, kwa maelezo ya Kefa, alikuwa mtu wa meza, mama wa kanisa, ambaye kwake hata chai hainywewi kwa kusimama.

"Basi na atukute mkekani, atujue tulivyo," Jumwa alikuwa amesema.

"Sitaki aketi juu nanyi mketi chini, wala babako ateremshwe mkekani mbele ya wageni," Kefa alimjibu. "Nataka mahali ambapo wote mtaketi sawa. Akishakula na nyinyi, akishamsikia babako akitania, hatakuwa na la kusema."

Aliamini hivyo. Alikuwa mtu wa kuamini, Kefa, na hilo ndilo lililompendeza Jumwa na kumtisha kwa pamoja.

Kila Jumamosi akitoka kazini kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, hakupitia nyumbani kwake Frere Town. Alikuja moja kwa moja Mjambere na mbao za paleti za kupangia mizigo begani, zile ambazo msimamizi wake alimruhusu kuzichukua. Hakuwa seremala. Alijifunza kwa video, na alikosea sana. Aliing'oa miguu ya bati akaweka nguzo za mvinje, mguu wa kwanza ukatoka mfupi, meza ikachechemea. Mzee Masha alicheka mpaka mate yakamtoka, na Jumwa akaenda kumfuta huku naye akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule kumsikia babake akicheka hivyo.

Mbao za paleti zilipigiliwa juu ya uso wa zamani, zikazidi huku na huku, meza ikarefuka, na zilizobaki zikawa mabenchi. Kazi ya msasa ilikuwa ya wawili. Jumwa, ambaye mikono yake ilizoea vitambaa vya mapazia anayoshona Kongowea, alisugua kwa uangalifu kana kwamba mbao ingelia. Walianza kila mmoja upande wake wakawa wanasogeleana polepole, na walipokutana katikati hakuna aliyeondoa mkono.

"Una vumbi kwenye kope," Kefa alinong'ona.

"Liache."

"Babako anatuangalia."

"Baba amelala."

"Hajalala," Mzee Masha akaguna kutoka kitini, na Jumwa akaruka kama aliyeshikwa na moto. Kefa aliangua kicheko kabla hajatafsiriwa. Jumwa hakulitia hilo maanani.

Siku nyingine Kefa alikuja na kipande cha mnyororo akaanza kuicharaza meza.

"Una wazimu? Mbao nzima waipigia nini?"

"Nataka ionekane imeishi."

Mzee akasema neno, na Jumwa akatafsiri akijizuia kucheka. "Asema kama wataka kitu kilichoishi, yeye yupo. Ila usimpige."

Kisha wakaipaka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Mbao ikageuka rangi mbele ya macho yao, kutoka weupe wa ugali hadi kahawia ya kale. Jumwa aliweka kiganja juu yake, ikiwa bado na unyevu, akafikiria jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa sauti: watoto, sahani nyingi, kelele.

Jumamosi iliyofuata Kefa alikuja mikono mitupu. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, hakuvua hata viatu.

"Yadi inafungwa," alisema. "Kazi yote inahamia Naivasha. Asiyekwenda hana kazi."

Jumwa alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake haikuacha kuchambua. "Lini?"

"Mama anakuja kesho, Jumapili. Mimi naondoka Jumatatu."

"Waja kuniambia leo?"

"Nimeambiwa jana, Jumwa. Nimezunguka mji mzima nikitafuta kazi nyingine. Nimeuliza hadi Likoni. Hakuna." Akamgeukia. "Twende wote. Mama akikuona kesho, akakubali, tutafunga ndoa kanisani kwetu baadaye. Ila twende."

"Na huyu?" Jumwa aliuliza, akimwelekezea kidevu babake, aliyekuwa amesinzia kweli safari hii, mdomo umeinama upande mmoja.

"Twende naye."

"Akalale chumba kimoja na mkwewe? Baba atakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa baridi."

"Kaka yako Kadenge—"

"Kadenge yuko Lamu na mkewe na watoto. Nimempigia mpaka nimechoka. Husema atakuja Krismasi. Krismasi ngapi zimepita?"

Kefa akajishika kichwa. Jumwa alitaka kumwambia abaki, maneno yalikuwa pale pale ulimini, lakini alijua wadogo zake Kefa wawili walikuwa shuleni kwa mshahara huo. Alijua pia kwamba angemwambia abaki, angebaki, kisha mwaka mmoja baadaye wangekuwa wanatazamana kwa macho mengine. Akasogeza ungo wa mchicha kando, akamwekea kichwa begani. Wakakaa hivyo hadi jua likawafuata miguuni.

"Nitamuuliza babako mwenyewe," Kefa alisema mwishowe. "Mbele ya Mama. Atakalosema yeye, hilo ndilo."

Jumapili, baada ya ibada, Mama Roseline alifika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mkoba aliouweka mapajani muda wote. Alikuwa ameleta unga wa wimbi na kuku mzima aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama," Jumwa alimpokea akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Jumwa." Akamtazama kuanzia juu hadi chini, bila ubaya. "Kefa hakusema uongo. Lakini umekonda. Unakula?"

"Nala, mama."

"Hapana, unalisha." Akageuka kumtazama Mzee Masha, na uso wake ukalegea. "Pole, mzee wangu. Mume wangu naye aliugua hivi hivi kabla Mungu hajamchukua. Nayajua haya."

Meza ilikuwa imetandikwa. Kitambaa Jumwa alikikataa ili mbao ionekane. Mama Roseline alipitisha kidole juu yake, kwenye makovu ya mnyororo.

"Hii ni ya zamani sana. Ya babu?"

Kefa na Jumwa wakatazamana, na kwa nukta moja wote wawili karibu wacheke. "Ni ya dukani, Mama," Kefa akasema. "Tumeitengeneza sisi."

"Mmetengeneza." Akalirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Akaketi. Akaomba dua ndefu, akamtaja kila mmoja kwa jina, akamwombea mzee mkono wake urudi. Wakala wali wa nazi na kuku wa kupaka. Mama Roseline akasema mchuzi wa pwani ni mtamu ila pilipili yake ina hasira, na Mzee Masha akasema kitu kilichomfanya Jumwa acheke, na alipokitafsiri, Mama Roseline naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Jumwa aliona jinsi wote wanne walivyoketi sawa, akahisi moyo wake unapanda mahali ambapo ungeangukia pabaya.

Sahani ziliposogezwa, Mama Roseline aliweka mikono juu ya meza.

"Mzee, mimi nitasema wazi, sisi huko kwetu hatuzunguki. Msichana huyu nampenda. Nilikuja nikiwa na yangu moyoni, nilikuwa na binti wa jirani niliyemtaka, na hilo limekwisha. Lakini mwanangu anakwenda Naivasha kesho. Sitaki mke anayeishi huku na mume kule, hiyo si ndoa, ni barua. Wala sitaki kusikia kesho kwamba tulimwiba mtoto wa mgonjwa. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Unamtoa aende? Ukisema ndiyo, tutaleta posa. Ukisema hapana, tutashukuru kwa chakula, na mwanangu atanisikiliza."

Kefa alikuwa amekaza macho mezani.

Mzee Masha alivuta pumzi. Alisema polepole, akilikokota kila neno kwa nguvu zake zote, mshipa wa shingo umemsimama. Jumwa alimsikia vizuri. Hakuwahi kumsikia vizuri kama siku ile.

*Mchukueni. Nimekwisha kuishi mimi. Msimwache hapa akinifuta mate mpaka azeeke. Mama yake angekuwapo angeniambia vivyo hivyo. Mchukueni mwanangu, nawapa kwa moyo mweupe.*

Punje ya wali ilikuwa imemnata kidevuni. Jumwa aliiona. Aliona na shati lake alilomfunga vifungo asubuhi ile, kimoja kimoja. Akaona nyumba ile kesho saa hizi, na kiti hicho, na mtu anayesema maneno ambayo hakuna hata mmoja duniani wa kuyasikia.

"Amesemaje?" Mama Roseline aliuliza kwa upole.

Jumwa alifungua mdomo. Alitaka kusema kweli. Baadaye, kila alipojiuliza, alikuwa na hakika kwamba alitaka.

"Amesema hapana," alisema. "Asema mnisamehe, lakini hawezi kunitoa."

Mzee Masha alimgeukia. Jicho lake zima lilimtazama kama linalomtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha. Kisha akapaza sauti, akasema, akarudia, mate yakimruka, akaipiga meza kwa mkono wake mmoja mpaka vijiko vikaruka na bilauri ikamwagika. "La! La!" Lakini neno hilo lilimtoka likiwa limepinda, na kwa wageni lilikuwa sauti ya ghadhabu tu.

"Basi, mzee, basi," Mama Roseline akainuka haraka, akamshika bega. "Usijiumize. Tumekuelewa. Una haki. Hata mimi ningesema hivyo."

Mzee aliacha kupiga. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akafumba macho, na chozi likateremka upande ule ambao bado ulihisi.

Jumwa alikusanya sahani akaenda nazo nyuma ya nyumba, kwenye mfereji. Alifungua maji akayaacha yatiririke. Hakuosha chochote. Kefa alimfuata.

"Kwa nini?" alimuuliza.

"Umesikia alivyosema Baba. Mimi nifanye nini?"

"Ndiyo, nimemsikia." Sauti ya Kefa ilikuwa chini sana. "Jumwa, nimekaa na babako Jumamosi zote hizo. Wewe ukienda sokoni tulibaki wawili, yeye akinisimulia habari za mama yako alivyokuwa akiimba. Namsikia. Si yote. Ya leo nimeyasikia yote."

Bakuli likamponyoka Jumwa. Halikuvunjika, lilizunguka tu pale kwenye saruji.

"Ulijua? Ukakaa kimya?"

"Nilikungoja. Nilisema moyoni, atarekebisha. Alipokuwa akiipiga meza nilikuwa nakuangalia wewe, nikasema, sasa. Sasa hivi atasema. Hukusema."

"Ungesema wewe!"

"Niseme nini? Nimwambie mama yangu kwamba umemgeuza babako mwongo? Angekuchukia maisha yako yote. Na hata ningesema, ungekuja? Niambie tu hilo. Ungekuja?"

Jumwa alishika kinywa kwa mkono uliolowa. Maji yaliendelea kutiririka, yakafika miguuni mwao, hakuna aliyeyafunga.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Nakutaka, Kefa, wallahi nakutaka. Na siwezi. Nilifikiri yeye akikataa, utaniacha bila kunichukia. Utamchukia yeye, naye ni mgonjwa, hatajua."

"Amejua."

"Ndiyo." Akaanza kulia. "Amejua."

Kefa alimvuta, akamkumbatia pale mferejini. Hakuwa na hasira, na Jumwa alitamani angekuwa nayo. Alimwomba, uso ukiwa kifuani mwake, "Nifanyeje? Niambie nifanyeje." Kefa akazidi kumkumbatia. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio kama wa mtu anayekimbia mahali asipopajua. Kisha Mama Roseline akaita kutoka barazani kwamba jua linakwenda, na mikono ile ikalegea, mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi yake Kefa hakupita Mjambere. Alituma ujumbe kwamba gari limeondoka, kwamba wamepita Mazeras, na baada ya hapo hakuandika tena. Jumwa hakwenda Kongowea. Alimwogesha babake, akamvisha shati safi, akamweka kitini. Mzee Masha aliruhusu yote kama mtu anayeogeshwa na muuguzi asiyemjua.

"Baba, nikutilie chai?"

Jumwa akangoja, sufuria mkononi.

"Uji basi? Kuna wimbi aliloleta mama yake Kefa."

Mzee akageuza uso kuelekea barabarani. Jumwa akadhani hakusikia, akarudia. Ndipo akaona midomo ile imekazwa, hata upande ule uliolegea, na akaelewa. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kusema naye, na alikuwa ameamua kutosema naye.

Adhuhuri ikapita hivyo, na alasiri. Jumwa alimlisha, naye mzee akala bila kumtazama. Aliomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Alipiga magoti pale miguuni pake, akaweka paji la uso kwenye goti lake. Mkono mzima wa mzee ulisogea juu ya kichwa chake, ukakaribia kumgusa, ukarudi.

"Ningekuacha na nani?" Jumwa alimlilia. "Sema, Baba. Kefa angenichukua, wewe ningekuacha na nani?"

Mzee aliendelea kutazama barabara.

Jioni, wakati watu wa mtaa wakirudi kazini, walikuwa wameketi mezani wawili, mzee kwenye kiti chake na Jumwa kwenye benchi. Simu iliita. Ilikuwa mbele yao, katikati ya mbao, ikitetemeka na kujisogeza yenyewe. Jina la Kefa lilikuwa likiwaka na kuzimika. Jumwa aliitazama tu. Aliogopa kwamba akiipokea atamwambia arudi, na akaogopa zaidi kwamba atamwambia asirudi.

Mkono wa Mzee Masha ukanyanyuka. Ukatambaa juu ya meza taratibu, ukaifikia simu, ukaisukuma mpaka ikagusa vidole vya bintiye. Hapo mzee akamtazama, kwa mara ya kwanza siku ile, na bado hakusema.

Jumwa akaipokea, akaiweka sikioni.

"Jumwa?" ikaita sauti kutoka mbali, yenye upepo wa barabara ndani yake.

"Abee," akaitika.